"Love Me Do" mbili zisizofanana: nani ananieleza kuhusu rekodi adimu za bendi za miaka ya 60?

SikioKali (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina jambo linaninyima raha. Please Please Me, albamu ya kwanza ya Beatles, nimeisikiliza mpaka naijua pumzi kwa pumzi. Juzi nikaweka Past Masters, ule mkusanyiko wa nyimbo zao za singo (santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, A na B), nikafika "Love Me Do" nikashtuka. Maneno ni yale yale, harmonika ile ile, lakini tari halimo kabisa! Ngoma nazo zinapigwa kwa mkono mwingine. Nimezirudia zote mbili kwa hedifoni, moja baada ya nyingine, na tofauti ipo waziwazi.

Ilikuwaje wimbo mmoja ukatoka kwa sura mbili? Na je, kuna nyingine za namna hii kwa bendi za wakati ule? Mimi si mtu wa kununua santuri ya bei mbaya nikaifungie kabatini. Nataka kusikia tu. Naomba mnielekeze pa kuanzia.

---

MzeeWaUpandeB

Mkuu, karibu. Masikio yako ni mazima kabisa.

"Love Me Do" ilirekodiwa mara tatu mwaka 1962, na kila mara aliyekaa kwenye ngoma alikuwa mtu mwingine. Tarehe 6 Juni alikuwa Pete Best. Tarehe 4 Septemba alikuwa Ringo Starr, ambaye ndiyo kwanza ameingia kwenye bendi. Tarehe 11 Septemba studio ikamwita Andy White, mpiga ngoma wa kulipwa, na Ringo akapewa tari. Kwa hiyo tari ndiyo alama yako ya kudumu. Ukilisikia, ngoma ni za Andy White na anayetikisa tari ni Ringo. Usipolisikia kwenye hizo mbili ulizonazo, ngoma ni za Ringo mwenyewe.

Singo ilipotoka tarehe 5 Oktoba 1962, kwa lebo nyekundu ya Parlophone, ilibeba toleo la Ringo. Albamu ya mwaka uliofuata ikabeba la Andy White, na baadaye hata singo zilizochapwa upya zikawa na hilo hilo. Kanda asilia ya toleo la Ringo haipo tena. Unachokisikia kwenye Past Masters kimenakiliwa kutoka kwenye santuri, ndiyo maana kina ukungu fulani ukikilinganisha na kile cha albamu. La Pete Best lilidhaniwa limepotea, likaja kutolewa kwenye Anthology 1 mwaka 1995. Sikiliza anavyobadilisha mwendo katikati ya wimbo, kisha utaelewa kwa nini prodyuza George Martin hakuridhika.

Sasa umesema hutaki kitu cha kabatini, na hapo tumekutana. Watu wengi wakisikia "rekodi adimu" wanafikiria jalada lililoondolewa sokoni, kama lile la Yesterday and Today la mwaka 1966 lenye nyama na wanasesere, ambalo kampuni yao ya Marekani, Capitol, walilibandikia picha nyingine juu. Wapo wanaoliweka kwenye mvuke taratibu ili kulifunua la chini. Kila la heri kwao, lakini santuri iliyo ndani haitoi sauti mpya kwa sababu jalada lake limebanduliwa. Kwangu mimi adimu ni kile sikio linachokutana nacho mara ya kwanza. Na kwa bendi za miaka ya 60, hazina ya namna hiyo imekaa kwenye tofauti ya mono (sauti zote kwenye njia moja) na stirio (sauti zimegawanywa njia mbili, kushoto na kulia).

Wakati ule mono ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Redio zilirusha mono, vijana walikuwa na vicheza santuri vya spika moja. Kwa hiyo bendi ilikaa na mafundi kumiksi mono, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zilizorekodiwa, kwa siku nyingi, halafu stirio ikafanywa haraka, mara nyingi wanamuziki wenyewe wakiwa wameshaondoka. Sgt. Pepper, albamu ya Beatles ya 1967, ni mfano mkubwa. Kwa kuwa kila miksi ilifanywa upya kwa mkono, hakuna namna mbili zingefanana: mtu anachelewa kushusha sauti, kanda inazungushwa kwa kasi nyingine, mlio fulani unasahaulika.

Anza na "She's Leaving Home" ya albamu hiyo. Kwenye mono wimbo unakwenda kasi zaidi na uko juu kwa nusu sauti. Kwenye stirio umeshuka na unajikokota. Ni kinubi kile kile, nyuzi zile zile, Paul yule yule, lakini kwenye mono binti anaondoka nyumbani akiwa na haraka, na huzuni ya wazazi inawafika ghafla. Nikishaisikia hiyo siwezi kurudi kwenye stirio.

Kisha chukua "Helter Skelter" ya 1968. Stirio ina zaidi ya dakika nne: wimbo unafifia, unarudi, na mwishoni Ringo anapiga kelele kwamba vidole vimemtoka malengelenge. Mono haina kelele hiyo hata kidogo. Inafifia mara ya kwanza na haiamki tena. Waliokua na mono nyumbani hawakuijua sentensi hiyo kwa miaka.

---

DadaWaMellotroni

Shikamoo Mzee. Umesema yote ya Beatles, mimi naomba nimpeleke ndugu yetu kwa Zombies, bendi ya Uingereza, kwa sababu hawa jamaa wanastahili kusikilizwa zaidi ya wimbo mmoja.

SikioKali, tafuta albamu yao Odessey and Oracle. Waliirekodi 1967, sehemu kubwa pale studio za Abbey Road, London, na wakatumia Mellotroni, kile kinanda ambacho kila kitufe chake kinavuta utepe wenye sauti ya filimbi au nyuzi zilizorekodiwa. Neno la kwanza kwenye jalada limekosewa tahajia na mchoraji, na likabaki hivyo mpaka leo. Hilo kila mtu analijua. Ninalotaka usikie ni "This Will Be Our Year".

Bajeti yao ilikuwa ndogo, wakaitumia kukamilisha mono. Kampuni ikadai na stirio. Rod Argent na Chris White, waliokuwa watunzi wa bendi, wakalipia kutoka mifukoni mwao. Walipofika kwenye wimbo huo wakakwama: tarumbeta zilipigwa moja kwa moja wakati mono inamiksiwa, kwa hiyo hazikuwa kwenye kanda ya njia nne, ile inayotunza sehemu za wimbo kila moja peke yake. Ziliingia kwenye mono na kuishia hapo hapo. Stirio ya kweli yenye tarumbeta haikuwezekana, wakaweka mono iliyotanuliwa kiujanja ionekane stirio.

Sasa fanya hivi: sikiliza zile stirio za baadaye zisizo na tarumbeta, halafu rudi kwenye mono. Zisipokuwepo, piano ya Rod inasimama peke yake na unasikia jinsi Colin Blunstone anavyoimba kwa utulivu, kama anamwambia mtu mmoja tu. Zinapoingia, wimbo unakuwa sherehe. Napenda zote mbili, na ninaona ni uonevu kumwambia mtu achague.

Bendi ilivunjika kabla albamu haijatoka. "Time of the Season" ikaja kuvuma Marekani mwaka 1969 wakati Zombies hawapo, na mawakala wa huko wakapeleka bendi bandia jukwaani kwa jina lao. Kundi moja la bandia lilitoka Texas, na ndani yake walikuwamo Dusty Hill na Frank Beard, ambao baadaye walikuwa kwenye ZZ Top pamoja na Billy Gibbons. Inaniuma kila nikikumbuka: wenye wimbo wako kwao Uingereza wanatafuta kazi nyingine, wageni wanapigiwa makofi yao.

---

RifuTatu

Naongezea upande wa ugomvi wa kampuni, maana huko nako kuna vituko.

The Who, bendi nyingine ya Uingereza, walitoa singo "Substitute" mwaka 1966. Upande B ulikuwa wimbo wao "Circles". Prodyuza wao wa zamani, Shel Talmy, akaenda mahakamani kwa sababu alikuwa ameshaurekodi nao. Walijaribu kuubadilisha jina kuwa "Instant Party", haikusaidia. Ikabidi singo iendelee na upande B mwingine, "Waltz for a Pig", muziki mtupu bila kuimba, jina lililoandikwa ni The Who Orchestra. Hakuna mwana-Who hata mmoja anayepiga pale! Ni bendi nyingine, Graham Bond Organisation. Weka sindano usikie ogani na saksafoni, utajua papo hapo kuwa hao ni watu wengine.

Byrds wa Marekani nao: "Eight Miles High" unayoijua ni ya Januari 1966. Waliirekodi kwanza Desemba 1965 katika studio za RCA, na kampuni yao, Columbia, wakaikataa kwa sababu haikufanyika kwenye studio zao. Ile ya kwanza ilikaa mpaka 1987 ndipo ikatolewa. Ni chafu zaidi, gita la Roger McGuinn linakwaruza zaidi, na mimi nasimama nayo.

Na usisahau zile za lugha nyingine. Tarehe 29 Januari 1964 Beatles walikuwa Paris, wakaimba nyimbo mbili kwa Kijerumani. Hawakutaka kabisa, George Martin alilazimika kuwafuata hotelini kwa hasira. "Komm, gib mir deine Hand" imetumia muziki ule ule wa "I Want to Hold Your Hand", wakaongeza sauti na makofi. Ila "Sie liebt dich" wameipiga upya mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kanda ya "She Loves You" haikuwepo tena. Hivyo ni utendaji mwingine kabisa wa wimbo huo, na iko kwenye hiyo hiyo Past Masters uliyonayo mkononi.

---

SikioKali

Wakuu, mmenifungulia dunia. Nimekwenda moja kwa moja kwenye "Sie liebt dich" na ni kweli, ngoma si zile zile. Mono ya "She's Leaving Home" nayo nimeipata. Mzee, nakubaliana na wewe kuhusu ile haraka.

Maswali mawili. Moja: nitajuaje kama mono niliyonayo ni mono ya kweli, au ni stirio iliyobanwa? Pili: nimeona mtandaoni kitu kimeandikwa "Carnival of Light", Beatles 1967. Ni chenyewe?

---

MzeeWaUpandeB

La pili kwanza, maana ni fupi. Si chenyewe. "Carnival of Light" ilirekodiwa tarehe 5 Januari 1967, karibu dakika kumi na nne za milio, kelele na mwangwi, kwa ajili ya onyesho pale Roundhouse, London. Haijawahi kutolewa. Kila unachokutana nacho chenye jina hilo kimetengenezwa na mtu mwingine. Ukitaka Beatles wakicheza bila kujali soko, tafuta rekodi zao za Krismasi. Kila mwaka kuanzia 1963 mpaka 1969 waliwatumia wanachama wa klabu ya mashabiki santuri laini ya plastiki, nyepesi, inayokunjika kwa vidole. Za mwanzo wanashukuru na kutania wakiwa pamoja. Kufikia 1968 na 1969 kila mmoja amerekodi kipande chake mahali pake, na vimeunganishwa baadaye. Mwanahistoria wa kuvunjika kwa bendi ile aanzie hapo.

Sasa mono. Mono ya kubana ni ile ambayo njia mbili za stirio zimejumlishwa tu, hakuna aliyekaa kumiksi. Ya albamu ya Beatles Yellow Submarine, 1969, ni ya hivyo. Namna ya kupima: kama kikuza sauti chako kina kitufe cha mono, cheza stirio ukiwa umekibonyeza, kisha cheza hiyo mono yenyewe. Usisikilize wimbo mzima. Sikiliza sekunde za mwisho unapofifia, na sikiliza sauti za pembeni, makofi, kikohozi, mwangwi wa mwimbaji. Kama kila kitu kinafifia mahali pale pale, umeuziwa stirio iliyobanwa. Kama kuna neno la ziada au gita linatoka mapema, hiyo ni miksi yenyewe.

Na kama unacheza santuri, usiruhusu mkono wa sindano ujinyanyue wenyewe mwishoni mwa Sgt. Pepper. Kwenye nakala za kwanza za Uingereza, baada ya ule mlio mrefu wa piano kuna sauti nyembamba ya hezi 15,000 hivi, iliyowekwa ili mbwa waisikie, halafu mfereji wa mwisho kabisa una maneno ya ovyo yanayozunguka bila kukoma hadi unyanyue sindano. Nakala za Marekani za wakati ule hazina. The Who wakaweka yao kwenye The Who Sell Out mwaka huo huo, ikitaja jina la kampuni yao tena na tena.

---

DadaWaMellotroni

Mzee, kabla hajaondoka mwambie na Beach Boys wa Marekani! Albamu yao Pet Sounds ya 1966 ilikuwa mono tu, maana Brian Wilson, mwimbaji na prodyuza wao, sikio lake la kulia lilikuwa halisikii. Stirio ilisubiri hadi miaka ya 90, na kwenye ile ya 1997 kipande cha katikati cha "Wouldn't It Be Nice" kinaimbwa na Brian, wakati kwenye mono ni Mike Love.

---

MzeeWaUpandeB

Kweli kabisa, dada. Na kwenye seti hiyo hiyo ya 1997 kuna "Caroline, No" katika kasi yake halisi. Ile ya albamu iliharakishwa ili sauti ya Brian isikike changa zaidi. SikioKali, zisikilize zote mbili kisha urudi utuambie ni ipi.