Kashfa za sukari na minofu ya samaki hazikuwa ndogo, tuache kuzipuuza

Ndugu wanajukwaa,

Nimechoshwa na mazoea yaliyojengeka miongoni mwetu. Kila zinapotajwa kashfa kubwa za baadaye, yaani Richmond (mkataba wa umeme wa dharura), EPA (fedha zilizochotwa Benki Kuu) au Escrow (fedha za akaunti ya Tegeta), hakosekani mtu wa kutukumbusha kwamba zama za Rais Benjamin Mkapa, hasa miaka yake ya mwanzo, kashfa zilikuwa za minofu ya samaki na vibali vya sukari tu, na kwamba mawaziri wa wakati ule walikuwa na haya, wakiguswa wanajiuzulu. Kauli hiyo hutolewa kama sifa ya zama zile. Mimi naiona kuwa ni usahaulifu ambao umeligharimu taifa fedha nyingi, na bado unaligharimu.

Tuanze na minofu. Mwaka 1996 Profesa Simon Mbilinyi, Waziri wa Fedha wa kwanza wa Serikali ya Awamu ya Tatu, yaani ya Mkapa, alijiuzulu kutokana na misamaha ya kodi iliyohusu wafanyabiashara wa minofu ya samaki, baada ya Bunge kulichunguza jambo hilo. Wanaoliita jambo dogo wamesahau nchi ilikuwa katika hali gani. Mwishoni mwa mwaka 1994 wafadhili walikuwa wamesitisha misaada kwa sababu ushuru wa forodha haukusanywi na misamaha ya kodi imezagaa. Mamlaka ya Mapato iliyoanza kazi Julai 1996 ilikusudiwa kuwa dawa ya maradhi hayohayo, na mwaka huohuo Tume ya Jaji Warioba ilikuwa ikichunguza kero za rushwa. Waziri wa Fedha aliponzwa na eneo lilelile ambalo nchi nzima ilikwisha kuonywa kwamba ndiko mapato yanakovuja. Udogo wake uko wapi?

Kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi. Waziri aliondoka, tukasifu uungwana, tukaendelea na mengine. Mamlaka ya waziri kumsamehe mlipakodi kwa saini yake na kwa Tangazo la Serikali yalibaki, na hatukuchukua hata miaka kumi kabla ya kuyalipia upya. Kampuni ya Alex Stewart, iliyopewa kazi ya kukagua dhahabu inayochimbwa nchini, ilisamehewa kodi kinyume cha ushauri wa Mamlaka ya Mapato yenyewe, na hasara iliyotajwa mahakamani ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 11. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani Basil Mramba, aliyekuwa Waziri wa Fedha, na Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, ambaye naye aliwahi kuiongoza Wizara ya Fedha miaka michache tu baada ya Mbilinyi kuondoka. Wengi tunakumbuka picha za wazee hao wakifanya usafi katika Hospitali ya Sinza Palestina mwaka 2016 wakitumikia adhabu ya kijamii. Tulizijadili picha kwa wiki nzima, lakini sikumbuki mjadala wa maana juu ya uhusiano wa kesi ile na minofu ya mwaka 1996, ingawa kosa lilikuwa la aina ileile, mezani palepale.

Sukari ni kisa kirefu zaidi. Mwaka 2001 Iddi Simba, Waziri wa Viwanda na Biashara na Mbunge wa Ilala, alijiuzulu kutokana na vibali vya kuagiza sukari kutoka nje, wabunge wakiwa wamemjia juu. Wakati huo viwanda vya Kilombero, Mtibwa na TPC vilikuwa ndiyo kwanza vimebinafsishwa na vinajaribu kusimama, na nyuma yavyo wako wakulima wadogo wa miwa, ambao sukari ya nje ikijaa sokoni, miwa yao huozea shambani. Mkulima wa Kilombero hana namna ya kuliita jambo hilo dogo.

Na hapa pia waziri aliondoka, utaratibu ukabaki. Nani apewe kibali, kwa vigezo gani, kwa kiasi gani na atangazwe wapi, ni maswali tuliyoyaacha mwaka 2001 na kuyakuta yametusubiri. Juni 2024 Mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kuhusu vibali vya sukari. Sisemi nani kati yao alikuwa mkweli, na najua kwamba Mpina aliadhibiwa kwa kuusambaza ushahidi kwa vyombo vya habari kabla Spika hajautolea uamuzi. Lakini matokeo yake ni kwamba mwaka 2001 sakata la sukari lilimwondoa waziri, na mwaka 2024 likamtoa nje mbunge kwa vikao 15. Anayedai kwamba tumejifunza kutoka katika kashfa zile za zamani anieleze tulijifunza nini hasa.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Mzee Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kutokana na vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Mfano huo ninauheshimu sana, lakini unautetea upande wangu. Mwinyi aliwajibika kwa makosa ya waliokuwa chini yake, na kujiuzulu kwake hakukufunga jalada, kwa kuwa baadhi ya maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani. Katika minofu na sukari, kujiuzulu kuligeuzwa kuwa hukumu, adhabu na fidia kwa pamoja. Hatukuambiwa kodi iliyosamehewa ilirudishwa hazina au la, wala walionufaika na vibali walibanwa vipi.

Kwa hiyo malalamiko yangu yanaelekezwa kwetu sisi tunaoandika na kusoma siasa za nchi hii, na pia kwa Ofisi ya Bunge. Nataka taarifa zote za uchunguzi wa mwaka 1996 kuhusu minofu na za mwaka 2001 kuhusu sukari, pamoja na majibu ya Serikali, ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Tabora au mvuvi wa Musoma anaweza kuzisoma bila barua ya utambulisho na bila kufunga safari ya Dodoma. Wenye nakala, wakiwamo waandishi waliokuwa wakiripoti Bunge miaka hiyo, naomba waziweke hapa. Na anayetaka kuja kuniambia kwamba yale yalikuwa mambo madogo, aje na hesabu ya kodi iliyosamehewa na tani za sukari zilizoingizwa.