Naomba ushauri: "ashi o arau" ya Kijapani nitaitumia wapi bila kukosea?

Habari zenu ndugu zangu. Najifunza Kijapani na nimekwama kwenye usemi mmoja, naomba mnaokijua mnisaidie.

"Ashi o arau" maana yake ya wazi ni kunawa miguu. Ukitoka shambani na matope ukasema "kawa de ashi o arau", umenawa miguu mtoni, basi. Lakini ukisema "bakuchi kara ashi o arau", hapo hakuna maji: mtu ameachana na kamari. Nimegundua kiungo "kara", yaani "kutoka", ndicho kinachonionyesha kwamba tumeingia kwenye fumbo.

Sasa, niliacha kazi ya kufundisha mwaka jana. Kwenye insha nikaandika "kyōshi kara ashi o aratta", nikimaanisha nimeachana na ualimu. Mwalimu wangu akaniuliza kwa upole, kwani ulikuwa unafanya kitu gani kibaya? Niliumia, maana naiheshimu sana kazi ile. Ndipo nikaelewa kwamba asili ya usemi huu ni kutoka kwenye maisha machafu, ingawa nasikia wengine wanautumia hata kwa kazi za kawaida.

Nilidhani unafanana na kunawa mikono kwetu, kumbe sisi tukinawa mikono tunakataa lawama.

Je, kwa kazi ya heshima nibaki na "yameru", yaani "kuacha", tu? Na "te o hiku", ambayo pia ni kumshika mtoto mkono na kumwongoza, ingefaa kwa kujitoa kwenye mradi? Mliowahi kuishi Japani, mnasikiaje wenyewe wakisema?