Uhuru wa kuzurura au hadithi iliyonyooka: RPG (gemu ya kuigiza mhusika) ipi inakushika?

Swali
Wakuu, nimetoka kumaliza Final Fantasy X, sasa niko Skyrim na mzuka umekata. FFX njia ni moja, karibu muda wote unasonga mbele tu, lakini kila tukio lilinigusa kwa sababu walioliandika walijua nimetoka wapi na nimeshaona nini. Skyrim joka limeteketeza kijiji kizima, watu wanataka nikapeleke habari, mimi niko porini nakamata vipepeo na hakuna anayeniuliza. Uhuru wote huu si ndio unaoua hadithi?

Jibu la 1
Mkuu, tatizo si uhuru, ni dunia isiyokujibu. Chukua Morrowind ya 2002, ya mfululizo mmoja na Skyrim. Ukimuua mhusika anayebeba hadithi kuu, gemu inakutangazia kwamba uzi wa unabii umekatika, kisha inakuachia mwenyewe: urudi pale ulipohifadhi gemu, au uendelee kuishi kwenye dunia uliyoivuruga. Huo ndio uhuru ninaoupenda mimi, unaouma. Skyrim mtu wa aina hiyo hafi kabisa. Unamcharanga kwa upanga, anapiga goti, anahema kidogo, anasimama.

Jibu la 2
Naongezea: kunyooka nako kuna namna yake. Final Fantasy XIII inakupitisha kwenye vichochoro mpaka sura ya 11 kati ya 13 ndipo inafunguka. Wengi walishachoka kabla ya hapo, na siwalaumu. Sasa linganisha na Fallout: New Vegas. Ukitoka Goodsprings, mji unakoanzia, njia fupi ya kwenda Vegas ni kaskazini, ila kuna Deathclaw, madude yenye makucha makali, na ukiwa mgeni wanakumaliza fasta. Basi wengi wanazunguka kusini, Primm, Nipton, Novac, na hukohuko ndiko hadithi inakojengeka. Hakuna ukuta wala aliyekukataza, woga wako ndio unaochora njia.

Muuliza swali
Hapo umenigusa. Nikijibanza nikapenya kaskazini, je, hadithi inavurugika?

Jibu la 2
Haivurugiki. Yule aliyekupiga risasi ya kichwa mwanzoni yuko Vegas, unaweza kumkabili bila kukanyaga hata mji mmoja wa kusini. Ila mara ya kwanza nakusihi pita kusini. Ukishafika Nipton ukayaona yaliyofanyika pale, utajua mwenyewe unataka kuwa upande wa nani.