Mashine ya barafu ya nyumbani: fundi anasema bodi imekufa, je, ninunue nyingine?

Mama Ukwaju (Bugarika, Mwanza)

Habari za jioni, mafundi na wenye uzoefu. Nina mashine ndogo ya barafu ya kuweka mezani, ile inayotoa vipande tisa kwa mkupuo mmoja, ambayo naitumia nyumbani kwa ajili ya juisi ya ukwaju ninayouza jioni, na mara mojamoja kumwekea kaka yangu barafu ya sato anapotoka mwaloni. Wiki iliyopita usiku zilipiga radi zile zinazotokea ziwani, umeme ukakatika, na uliporudi alfajiri balbu ziliwaka kwa mwanga mkali mno kabla ya kutulia. Tangu siku hiyo mashine inawaka, feni inazunguka na pampu inapandisha maji kwenye trei, lakini kompresa haingurumi na vile vidole vya chuma vinavyogandisha maji havishiki ubaridi hata kidogo. Kila baada ya dakika chache nasikia mlio mdogo wa "tik" upande wa kulia, kisha taa zote huanza kuwaka na kuzima kwa pamoja.

Fundi aliyekuja aliitazama kwa dakika tano bila kufungua hata skrubu moja, akasema bodi, yaani saketi inayoiongoza mashine, imekufa na kwamba ataniletea nyingine kwa shilingi 180,000. Mashine yenyewe niliinunua kwa 420,000, kwa hiyo ningependa kujua kwanza kama kweli kosa ni la bodi, na kama ni la bodi, nitajuaje kwamba nitakayonunua ndiyo yenyewe. Kuna jambo jingine ambalo huenda halihusiani: nikigusa bati la nyuma kwa mkono wenye maji, linanitekenya kama sisimizi wanaotembea.

Fundi Majokofu (Igoma)

Dada, huo mlio wa "tik" una thamani kuliko dakika tano za huyo fundi wako. Ni sauti ya rilei, yaani swichi inayofungwa na bodi ili kupeleka umeme kwenye kompresa, na maana yake ni kwamba ubongo wa bodi bado uko hai na unatoa amri. Swali linalobaki ni kama amri hiyo inafika. Inawezekana meno ya ndani ya rilei yameungua, ikawa inalia lakini haipitishi umeme. Inawezekana pia kwamba bodi haina kosa lolote, na kilichokufa ni kianzishio au kinga ya joto, vile vidude viwili vilivyobandikwa ubavuni mwa kompresa, ambavyo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya bodi.

Kipimo chake ni kimoja tu. Fundi aweke mita kwenye nyaya mbili zinazoingia kwenye kompresa, asubiri "tik", kisha asome. Ikionyesha karibu volti 230, bodi imefanya kazi yake, na hiyo 180,000 ungekuwa umeitupa ziwani. Ikionyesha sifuri, bodi ndiyo yenye kosa. Naomba usijaribu kipimo hiki mwenyewe, kwa sababu kinafanyika kifuniko kikiwa wazi na umeme ukiwemo. Hata baada ya kuchomoa plagi, kwenye bodi zisizo na transfoma kubwa ile kapasita nene, kidude kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 kwa muda, na nimeshawaona vijana wakirushwa na bodi waliyoishika mkononi wakidhani imelala. Soma pia kibandiko cha nyuma: ikiwa gesi yake ni R600a, ni gesi inayoshika moto, kwa hiyo mtu yeyote asiguse mabomba ya shaba kwa moto wa kulehemu wakati tatizo lako ni la umeme.

Kuhusu kutekenywa, chomoa mashine leo na usiichomeke tena hadi mtu aitazame.

Mkazi wa Nansio

Mimi niliwahi kubadilisha bodi ya mashine kama hiyo mwaka juzi, na nilikosea mara mbili, kwa hiyo naweza kukusaidia kwa upande wa makosa. Mara ya kwanza niliagiza kwa kutaja jina la mashine lililoandikwa kwenye boksi. Bodi iliyokuja ilikuwa na matundu yaleyale ya skrubu na rangi ileile, lakini ilikuwa ya volti 110, ya soko la Marekani, na niliiona hiyo 110 nikiwa tayari nimeshika plagi. Namba ya kufuata ni ile iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi pembeni au nyuma yake, pamoja na herufi zinazofuata, kwa maana bodi mbili zinaweza kufanana sura huku programu iliyomo ndani ikiwa tofauti.

Kosa la pili lilikuwa la uvivu: sikupiga picha ya nyaya. Sensa ya joto la chumba na sensa ya joto la vidole zote zilikuwa na plagi nyeupe za miguu miwili, nikazibadilishana bila kujua. Mashine iliamini kwamba vidole bado vina joto, ikaendelea kugandisha hadi vipande vyote tisa vikashikana kuwa bonge moja lililogoma kudondoka. Ukitaka kujua kama sensa ni nzima, ichomoe, itumbukize kwenye glasi ya maji yenye barafu, kisha pima ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita. Zile za kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25 hupanda karibu mara tatu zikifika sifuri. Isipobadilika, imekufa.

Mzee wa Nyaya (Isamilo)

Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani, nami nitazungumzia kutekenywa tu. Mashine nyingi za aina hiyo zina kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, ambazo hupeleka kiasi kidogo cha umeme kwenye bati ili kiende ardhini. Waya wa ardhini usipofanya kazi, kiasi hicho hubaki kwenye bati kikisubiri mkono wenye maji. Huenda ni hilo tu, huenda ni waya uliochubuka, na kwa kutekenywa pekee huwezi kuvitofautisha.

Sisi tunaoishi vilimani hapa Mwanza nyumba zetu zimekaa juu ya mawe. Nimewahi kufukua fimbo ya ardhini iliyopaswa kuzama zaidi ya mita moja, nikakuta imegonga mwamba kwenye sentimita 40, na aliyeifunga akaikata kwa msumeno na kufukia kilichobaki ili mwenye nyumba asione. Hapo dawa ni kutafuta udongo wenye unyevu chini ya mteremko, kushindilia fimbo nyingine na kuiunganisha kwa waya wa shaba, kisha kupima. Nunua pia friji gadi, ambayo hukata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri kabla ya kuurudisha, jambo ambalo kompresa inalihitaji sana. Hata hivyo, kifaa hicho hakizuii radi. Ukiona ziwa linamulika, chomoa.

Mama Ukwaju

Shikamoo mzee wa Isamilo, na wabeja sana wote. Fundi wa Igoma alinielekeza kwa mwenzake wa Buzuruga, ambaye alipima mbele yangu: "tik" ikalia, mita ikasoma sifuri, na kompresa yenyewe ikaonekana nzima. Alipoing'oa rilei tulikuta chini yake bodi imeungua ikawa nyeusi kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni, na pembeni wamekauka wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda angani kama moshi. Nilitaka abadilishe rilei peke yake, akakataa, akinieleza kwamba ile masizi hupitisha umeme na ingeunguza rilei mpya palepale. Tuliagiza bodi kwa namba iliyochapwa, nikalipa 65,000 na ufundi 20,000. Kabla ya kuchomoa chochote niliweka alama kwenye plagi nyeupe kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa vidole na ya zambarau kwa chumba.

Mikupuo miwili ya kwanza ilitoa vipande vyembamba nikavimwaga, ya tatu ikajaa vizuri baada ya dakika kama kumi. Fimbo ya ardhini tuliifukua Jumamosi, urefu wake ulikuwa kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Nyingine imeshindiliwa bondeni karibu na mgomba, na bati halitekenyi tena. Bodi ya zamani nimemwachia fundi atoe rilei ya pampu, naye akanirudishia 5,000.