Vibarua viwili, makato hayaeleweki (Shepparton)

Mama Riziki

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za huko mliko.

Mimi bado mgeni. Tuliingia Australia mwezi wa pili mwaka huu, 2026, mimi na wanangu, kwa viza ya wakimbizi, tukaletwa Shepparton. Nimepata kibarua kwenye banda la kufungashia matunda, peasi na matufaha. Ni kazi ya kuitwa: jioni ujumbe unaingia kwenye simu, "kesho njoo", au hauingii. Halafu jirani akaniunganisha na kibarua cha pili, kusafisha ofisi jioni.

Kule kambini Nyarugusu ukifanya kibarua unahesabiwa pesa mkononi, mnaagana. Hapa kila wiki naletewa karatasi yenye mistari mingi kuliko barua ya uhamiaji. Nimezipanga mezani, nazisoma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyochanganyikiwa. Naomba mnisaidie.

Wiki moja banda lilinilipa dola 550, likakata 35. Sawa. Wiki iliyofuata matunda yalifurika, nikafanya saa mara mbili, ikawa 1,100. Mimi nikajua watakata 70. Wamekata 175! Saa mara mbili, kodi mara tano. Dada mmoja tunayesimama naye kwenye mkanda wa matunda anasema ndiyo maana yeye saa za ziada hazitaki, eti ukizidisha unaifanyia kazi serikali.

Kwenye usafi nimelipwa 320, wamekata 60. Lakini bandani kuna wiki nilipata hiyo hiyo 320 na hawakugusa hata senti. Pesa ni ile ile, nchi ni ile ile, iweje?

Tena huyo mwenye kazi ya usafi sasa anasema nichukue ABN, namba ya wenye biashara, atanilipa zote bila makato. Na kuna kijana anapita nyumba kwa nyumba kwetu hapa, anasema mwezi wa saba atatujazia ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, pesa zote zirudi, yeye achukue robo. Anataka TFN yangu, yaani namba ya mlipakodi, na neno la siri la myGov, ile akaunti ya serikali mtandaoni.

Nisaidieni kabla sijamjibu yeyote.

Chali wa Tarneit

Mama, karibu sana. Kazi ya casual, yaani kibarua cha kuitwa kama chako, hailipi kodi ukiwa chini ya 18,200 kwa mwaka. Waambie wakurudishie hizo pesa. Na ukimaliza mwaka uko chini ya hapo, usijisumbue na ritani, haikuhusu.

Baba Neema

Chali, kijana wangu, hapo umemwelekeza mama wa watu shimoni. Kama walimkata hata dola moja na hajazi ritani, hiyo dola haimrudii. Ritani ndiyo njia yake ya kuidai. Na mwajiri hawezi kumrudishia, kwa sababu pesa ameshaipeleka ATO, yaani ofisi ya kodi.

Mama Riziki, marahaba. Kwanza uondoe wazo kwamba kuna kodi ya vibarua na kodi ya walioajiriwa moja kwa moja. Kodi ya mapato ni moja. Kibarua kinatofautiana kwingine: huna likizo ya malipo wala siku za ugonjwa, na badala yake kwa kawaida unaongezewa asilimia 25 juu ya malipo ya saa. Angalia karatasi zako kama nyongeza hiyo imo. Wengi wanahangaika na kodi wakati wanapunjwa kwenye mstari wa juu kabisa.

Sasa hesabu zako. Kodi yenyewe ni ya mwaka mzima, kuanzia tarehe 1 mwezi wa saba hadi tarehe 30 mwezi wa sita. Kinachokatwa kila wiki ni zuio tu, yaani makisio. Na mashine ya mwajiri inakisia kijinga: inaichukua wiki hiyo moja na kudhani utalipwa hivyo hivyo wiki zote 52. Haijui kwamba ulifika mwezi wa pili. Haijui kwamba peasi zitakwisha.

Ukipata 550, inasema huyu ni mtu wa 28,600 kwa mwaka. Ukipata 1,100, inasema huyu ni wa 57,200. Kwa mwaka huu wa 2025-26, mkazi halipi kitu kwenye dola 18,200 za kwanza. Kutoka hapo hadi 45,000 ni senti 16 kwa kila dola. Kutoka 45,000 hadi 135,000 ni senti 30. Juu yake kuna asilimia 2 ya Medicare, matibabu ya serikali, kwa wasio na kipato cha chini. Kwa hiyo wiki yako nene ilikupandisha hadi kwenye senti 30, ndipo 175 ilipotokea. Mashine haikukosea, ila imemkisia mtu ambaye si wewe.

Kuhusu dada wa kwenye mkanda. Wiki ya kwanza ulibeba nyumbani 515, ya pili 925. Saa za ziada zimekuletea dola 410 mkononi. Hizo senti 30 zinatozwa kwenye dola zilizovuka mpaka tu. Zilizo chini ya mpaka zinabaki na kiwango chao. Hakuna mahali ambapo kuongeza saa kunakufanya ubebe pungufu kwa sababu ya kodi. Kwa sababu ya Centrelink, ofisi inayotoa pesa za msaada wa serikali, hiyo ni hadithi nyingine, na nadhani ndiyo iliyomtisha.

Sasa 320 mbili. Ulipoanza kazi ulijaza fomu ya TFN, na ndani yake kuna swali kama unadai kile kiwango kisichotozwa kodi. Unatakiwa kusema ndiyo kwa mwajiri mmoja tu, yule anayekulipa zaidi. Bandani ulisema ndiyo, na 320 mara 52 ni 16,640, haifiki 18,200, kwa hiyo hawakukata. Kwenye usafi ulisema hapana, au jirani alikujazia hapana, na alijaza vizuri. Huko wanakata kuanzia dola ya kwanza. Ungesema ndiyo kote kuwili, kila mmoja angekuhesabia 18,200 yake, halafu mwisho wa mwaka unadaiwa.

La muhimu kwako: kwa sababu umekuwa mkazi sehemu tu ya mwaka, hupewi 18,200 nzima. Unapewa 13,464, halafu 4,736 inagawanywa kwa miezi 12 na unapata sehemu ya miezi uliyokuwa hapa, mwezi wa kufika ukiwemo. Februari hadi Juni ni mitano, kwa hiyo kiwango chako mwaka huu ni kama 15,437. Kwenye ritani utaulizwa tarehe uliyoanza kuwa mkazi, usiiruke. Kuanzia tarehe 1 Julai unaanza mwaka mpya na 18,200 kamili.

Dada Faida

Mimi nafanya usafi Geelong, kwa hiyo niachieni hilo la ABN.

Mama Riziki, usikubali haraka. Nikuulize: saa ya kuingia anapanga nani? Mashine ya kusafishia na dawa ni za nani? Ukitaka kumtuma mdogo wako akafanye zamu yako, atakubali? Kama yeye ndiye anapanga, vifaa ni vyake, na lazima uje wewe mwenyewe, basi wewe ni mwajiriwa, hata akuandikie ABN kwenye paji la uso. Hapa ni kosa kisheria kumfanya mwajiriwa aonekane mfanyabiashara.

"Nitakulipa zote" maana yake hakati kodi, ila kodi iko pale pale, utadaiwa kwa mkupuo wakati pesa umeshalipia bili ya umeme. Maana yake pia anaacha kukuwekea super. Super ni akiba ya uzeeni, asilimia 12 ya malipo yako, anaitoa yeye JUU ya mshahara, haitoki kwako. Zamani kibarua aliyelipwa chini ya 450 kwa mwezi hakuwekewa; kizuizi hicho kiliondolewa Julai 2022, kwa hiyo hata hizo 320 zinahesabiwa. Na ukianguka kwenye ngazi ukavunjika mkono, ukiwa na ABN bima ya wafanyakazi inaweza kukukana.

Mimi nilimjibu bosi wangu wa wakati ule kwa upole kwamba naomba tuendelee na TFN. Alinuna wiki mbili, zamu zikapungua, kisha akanirudia kwa sababu hakupata mtu wa kufungua saa kumi na moja alfajiri. Sisemi wako atafanya hivyo hivyo. Akikulazimisha, kuna Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali ya haki za kazini, 13 13 94. Kiingereza kikikupiga chenga anza na wakalimani, 131 450, sema "Swahili", wanakuunganisha.

Na jambo moja watu wanachanganya: kulipwa noti mkononi si kosa. Kosa ni kulipwa bila karatasi na bila kodi kupelekwa. Karatasi ya malipo lazima uipate ndani ya siku moja ya kazi baada ya kulipwa, iwe noti au benki.

Chali wa Tarneit

Nimekubali kuhusu ritani. Lakini huyo kijana wa robo, mimi namjua mmoja kama yeye huku kwetu, watu walirudishiwa hadi 4,000. Si anasaidia?

Baba Neema

Anarudishaje zaidi ya kilichokatwa? Kinachorudi ni zuio lililozidi kodi yako halali. Kama mtu alikatwa 1,500 na amerudishiwa 4,000, hizo 2,500 zimetungwa kwa kuandika gharama ambazo hazikuwepo, na ATO wakizikamata wanamdai mwenye jina, yaani wewe, pamoja na faini. Kijana atakuwa ameshahama na robo yake.

Anayejaza ritani kwa malipo lazima awe wakala aliyesajiliwa na Tax Practitioners Board, bodi ya mawakala wa kodi. Mwombe namba yake ya usajili, orodha iko wazi mtandaoni. Na wakala wa kweli hahitaji neno lako la siri la myGov, ana njia yake ya kuingilia. Mtu akishika neno hilo anaweza kubadilisha akaunti ya benki inayopokea marejesho, na Centrelink yako imo humo humo. Mnyime.

Ukiwa na kipato kidogo na mambo yako ni mepesi kama haya, kuna Tax Help, wafanyakazi wa kujitolea waliofundishwa na ATO, bure, kuanzia Julai hadi Oktoba. Waulize wanaokuhudumia kwenye makazi mapya, au maktaba. Ukijaza mwenyewe, mwisho ni tarehe 31 Oktoba.

Mama Riziki

Baba Neema, Dada Faida, Mungu awabariki. Nimekwenda kuitafuta ile fomu ya usafi, kweli imeandikwa hapana, na mwandiko ni wa jirani. Nimempelekea ndizi.

ABN nimekataa. Kijana wa robo amekuja jana, nikamwomba namba ya usajili, akasema ameisahau kwenye gari. Hajarudi kutoka kwenye gari.

Nimebaki na mawili. Centrelink wananipa kila wiki mbili. Je, hiyo nayo ni mapato? Na nimenunua viatu vya chuma, glavu na ile fulana ya kung'aa. Nimesikia vinarudishwa.

Dada Faida

Hahaa, gari hilo liko mbali.

Centrelink inategemea ni malipo gani. JobSeeker, ile ya wanaotafuta kazi, na Special Benefit, ya wenye shida wasiopata malipo mengine, zinatozwa kodi, zinajumlishwa na vibarua vyako, na kwa kawaida wao hawakati kitu usipowaomba. Ile ya watoto, Family Tax Benefit, haitozwi. Kwa hiyo ukijilinganisha na zile 15,437 za Baba Neema, jumlisha vyote. Ukivuka kidogo usishtuke: kuna punguzo la wenye kipato kidogo, hadi dola 700, linahesabiwa lenyewe ukishajaza. Na ukiripoti mapato yako kwa Centrelink, ripoti jumla kabla ya makato, si kilichoingia benki. Hapo ndipo madeni ya wageni wengi yanapozaliwa.

Baba Neema

Vifaa: viatu vya kinga, glavu na fulana ya kung'aa vinakubalika kama ulinunua mwenyewe na mwajiri hakukulipa. Lakini havirudishwi kama bei dukani. Vinapunguza mapato yanayotozwa kodi. Kama mwaka huu kodi yako ni sifuri, havitakuongezea kitu. Hata hivyo tunza risiti, za baada ya Juni zitakufaa mwakani.

Nauli ya kutoka nyumbani kwenda bandani haikubaliki. Ila ukitoka bandani moja kwa moja kwenda kusafisha ofisi bila kupitia nyumbani, safari hiyo ya kati ya kazi mbili inakubalika. Andika tarehe na umbali kwenye daftari.

Na tarehe 1 Julai usikimbilie kujaza. Subiri karatasi zako mbili za mapato ya mwaka, ya banda na ya usafi, ziandikwe kwenye myGov kwamba ziko tayari. Waajiri wana hadi tarehe 14 Julai kuzikamilisha. Ya usafi ndiyo huchelewa.