Bia ya ladha ya kashata, nakosea wapi wakuu?

Ndoo_Moja
Wakuu habari za jioni. Niko Minnesota huku, napika bia nyumbani mwaka na nusu sasa, stauti (ile bia nyeusi) ya kawaida naiweza. Ila nimeingiwa na wazimu wa bia yenye ladha ya kashata ya nazi, ile ya kahawia yenye iliki tuliyokuwa tunanunua nje ya geti la shule. Ndoo ya lita 19, kimea cha shayiri pamoja na kile cheusi cha kukaanga, dakika kumi za mwisho za kuchemsha nikamwaga sukari guru kilo nzima ili iwe tamu, nazi mbichi ya kukuna nusu kilo na iliki ya unga vijiko viwili vya mezani. Sasa utamu hakuna hata chembe, mdomoni nyepesi, kichwani kali, mafuta yanaelea juu, povu linakufa kabla glasi haijafika mezani na iliki inanuka sabuni ya kuogea. Mke wangu kaonja akauliza hii ni dawa ya kikohozi? Nisaidieni kabla sijaharibu ndoo nyingine.

MamaTogwa
Pole kaka, hiyo ya kikohozi imenichekesha 😂 Sukari guru ndo imekuponza. Hamira inaila karibu yote inageuza kilevi na gesi, ndo maana bia imekauka halafu inapiga kichwa. Unataka sukari ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, nayo ni laktosi, ile ya kwenye maziwa, gramu 450 kwa ndoo yako, tia robo saa kabla hujazima moto. Kimea nacho kiloweke kwenye maji ya nyuzi 68 mpaka 69, ukishuka 64 bia inakauka zaidi, na ongeza nusu kilo ya oti za uji iwe nzito kidogo. Guru usiitupe kabisa, gramu 200 zinatosha kuleta ile harufu. Na wageni uwaambie kuna laktosi, wengine matumbo yao hayapatani na maziwa.

kibuyu_kavu
Mama kamaliza upande wa utamu, mi niongelee nazi maana nimeshaungua hapo. Nazi mbichi acha kabisa mkuu, mafuta ndo yanaua povu. Tafuta nazi kavu isiyo na sukari, gramu 700, ipige oveni nyuzi 160 huku unageuza mpaka iwe ya kahawia (usiende kuangalia mpira, inaungua ghafla), halafu ifunge kwenye karatasi za jikoni usiku kucha zinyonye mafuta. Inaingia ndani ya mfuko wa kitambaa uliochemshwa, hamira ikishamaliza kazi, siku nne tano na unaonja kila siku. Ukitoa nazi weka ndoo kwenye friji, mafuta yanaganda juu, bia unaivuta kutoka chini.

Iliki isiingie kwenye sufuria. Ponda punje za iliki kumi, loweka kwenye vodka mililita 100 siku nne, chuja. Chukua bia mililita 250, dondoshea kwa bomba la sindano huku unaonja. Ikikukolea kwa nusu mililita basi ndoo nzima inataka 38, ila we anza na 25, ikizidi huwezi kuitoa.

Pwani_Raha
Kashata ndani ya pombe jamani, wazee wa Tanga wakisikia 🙈 Ila hiyo biashara huko inaruhusiwa kweli?

MamaTogwa
Biashara hapana, kunywa nyumbani ruksa. Rais Carter wa Marekani alisaini sheria 1978, nyumba yenye watu wazima wawili ni galoni 200 kwa mwaka, kuuza ndo mwiko. Halafu Ndoo_Moja, laktosi inapandisha haidromita (kile kipimo cha sukari kwenye bia) kama pointi nane, yaani 0.008, kwa hiyo ikigoma kwenye 1.022 usidhani hamira imekufa ukaongeza nyingine. Isome siku tatu mfululizo, namba isipobadilika ndo ujaze chupa. Ukiwahi zitapasuka.

Ndoo_Moja
Nawashukuru sana. Mrejesho: imepikwa Jumamosi, leo siku ya tisa inasoma 1.021, nazi inaingia kesho. Nimechota kidogo, utamu upo safari hii. Mke ameshaandika lebo: Dawa ya Kikohozi Namba Mbili.