Ushauri: kipimo cha kigagi kwa mtu aliyekosa choo

Wa_Mukono: Wakubwa shikamooni. Mke wangu hajapata choo siku ya nne. Nimesaga majani mawili ya kigagi, huu mshubiri, chupa ya lita moja na nusu ikajaa. Anywe kiasi gani? Picha ya mmea hiyo hapo.

Mama Bustani: Umesaga na maganda? Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano wenye aloini; ndio unaosokota tumbo na kuliendesha. Jani huvunwa la nje, lililokomaa, likasimamishwa mkato chini dakika 15 utomvu uchuruzike. Ukate miiba ya pembeni, umenye, uoshe ute mpaka umanjano uishe.

Rolex Moto: Mimi kigagi nakijulia kwenye kuungua. Maji ya bomba dakika 20 kwanza, ute baadaye. Lengelenge lililopasuka usipake.

Wa_Mukono: Ute mtupu haufungui tumbo. Maganda nimeyaacha makusudi.

Mkunga: Ndugu, mkeo ana mimba?

Wa_Mukono: Miezi mitano. Lakini hii ni dawa ya asili, mama mkwe mwenyewe kasema, na chupa iko tayari.

Mkunga: Imwage. Utomvu huo unaweza kuuchokoza mji wa mimba ukaze, na kuharisha kunamaliza maji na potasiamu mwilini. Anameza vidonge vya damu? Madini ya chuma hufunga choo. Asiviache, kliniki watambadilishia au watampa kilainishi kinachomfaa. Kwa sasa maji ya kutosha, papai bivu, maharage, mboga ya dodo (mchicha). Tumbo likimuuma sana, akitapika au akiona damu, hospitali leo leo.

Kiboko Yao: Mama mkwe aanze yeye, tuone kama choo atakifikia.

Mpelelezi: Subirini. Jani kubwa la Aloe vera ni kama nusu kilo, na ute haufiki hapo. Mawili yajaze lita moja na nusu? Halafu maua ya picha ni mekundu, wakati Aloe vera kwa kawaida huchanua manjano. Hakuna mke hapa, kuna muuza chupa.

Wa_Mukono: Siuzi kitu! Niliongeza maji. Mmea niliuchimba mwambani Tororo, Uganda.

Mama Bustani: Mwambani? Pale kuna Aloe tororoana, aina ya mshubiri isiyoota porini kwingine kokote duniani. Umeng'oa usichokijua ukamsagie mjamzito?

Mpelelezi: Na mimi nasema ni tangazo.

Mkunga: Tangazo au si tangazo, hujanijibu. Vidonge vya damu anameza vingapi kwa siku?